Linka Imekataa: Mwongozo Kamili wa Kuunganisha Programu za C na C++ na Maktaba za Nje

Swali hili linarudi kila mara: kwa nini linka, yaani programu inayounganisha msimbo wako na maktaba, inakataa? Programu imeandikwa vizuri, mabano yamefungwa, kompaila haijalalamika hata kidogo, kisha mwishoni kabisa inatokea hii:

```
/usr/bin/ld: bei.o: in function `main':
bei.c:(.text+0x4c): undefined reference to `curl_version'
collect2: error: ld returned 1 exit status
```

Hapo wengi huanza kubahatisha. Wanabandika chaguo lolote waliloliona mahali, au wanaiondoa kompaila ya GCC na kuiweka upya. Nimewahi kumsaidia kijana aliyemaliza bando lake kupakua Ubuntu nzima upya, kumbe amri yake ilikosa kitu kimoja tu: `-lm`, yaani maktaba ya hisabati. Makosa ya linka hayahitaji kubahatisha. Kila ujumbe una maana yake moja, na ukifuata hatua hizi kwa mpangilio, kila hatua itaondoa kundi zima la sababu mpaka ibaki ile ya kweli.

## Unachohitaji

- Ubuntu au Debian, iwe imewekwa kwenye mashine yenyewe au inatumika kupitia WSL ndani ya Windows.
- Zana za msingi. Amri hii inaleta GCC, G++, linka, `make` na `nm`:

```
sudo apt update
sudo apt install build-essential pkg-config
```

- Ujumbe kamili wa kosa, si mstari wa mwisho pekee. Uhifadhi kwenye faili kwa kuongeza `2>&1 | tee makosa.txt` mwishoni mwa amri yako.
- Programu ndogo ya majaribio. Tutatumia hii, iite `bei.c`:

```c
#include <stdio.h>
#include <stdlib.h>
#include <math.h>
#include <curl/curl.h>
#include <sqlite3.h>

int main(int argc, char **argv) {
    double x = argc > 1 ? atof(argv[1]) : 2.0;
    printf("%s\n", curl_version());
    printf("%s\n", sqlite3_libversion());
    printf("%f\n", sqrt(x));
    return 0;
}
```

Inagusa maktaba tatu: libcurl ya mtandao, SQLite ya hifadhidata, na maktaba ya hisabati. Ukiweza kuiunganisha hii, umeshavuka sehemu kubwa ya matatizo ambayo watu hukutana nayo.

## Elewa hili kwanza: ahadi ni deni

Mstari `#include <curl/curl.h>` hauleti libcurl ndani ya programu yako. Unaleta ahadi tu. Faili la kichwa linaiambia kompaila, "ipo fanksheni inaitwa `curl_version`, niamini." Kompaila inaamini, inatengeneza `bei.o`, na mahali pa fanksheni hiyo inaacha pengo lenye jina.

Linka ndiyo inayodai. Inashika daftari la majina yote yaliyoahidiwa, inapita kwenye mafaili na maktaba ulizoitajia, na kila jina likipata mwenyewe linafutwa daftarini. Mwisho wa safari, jina lolote lililobaki bila kulipwa ni `undefined reference`.

Kwa hiyo mbele ya kosa lolote la linka jiulize maswali mawili: nani ana jina hili, na je, linka ilipita kwake kwa wakati unaofaa?

## Hatua ya 1: Tenganisha kukompaili na kuunganisha

Ukiandika `gcc bei.c -o bei`, kazi mbili zinafanyika kwa mpigo na huwezi kujua ni ipi iliyokwama. Zitenganishe:

```
gcc -Wall -c bei.c -o bei.o
```

Ukipata `fatal error: curl/curl.h: No such file or directory`, hilo bado si kosa la linka. Kompaila imekosa hata hiyo ahadi. Nenda hatua ya 3 kwanza, kisha urudi hapa.

Ukipata onyo la `implicit declaration of function`, usilipuuze. Maana yake umeita fanksheni bila kuleta kichwa chake, au umekosea herufi za jina lake. Jina likiwa limekosewa, hakuna maktaba duniani itakayokuwa nalo. Toleo la 14 la GCC limelifanya hili kuwa kosa kamili kwenye C, na ni uamuzi mzuri.

Amri ikimaliza kimya na faili `bei.o` likaonekana, msimbo wako uko salama. Usiuguse tena wakati unashughulika na linka. Watu wengi huharibu programu nzima hapa kwa kurekebisha kisichoumwa.

## Hatua ya 2: Soma ujumbe kutoka juu

Mstari wa `collect2: error: ld returned 1 exit status` haukwambii chochote zaidi ya kwamba linka imeshindwa. Sababu iko juu yake. Tafuta mojawapo ya hizi:

- `undefined reference to` jina fulani: jina halijapata mwenyewe. Hatua ya 4 hadi ya 7.
- `cannot find -lcurl`: umetaja maktaba lakini faili lake halionekani. Hatua ya 3 na ya 5.
- `DSO missing from command line`: maktaba ipo na linka imeiona kupitia maktaba nyingine, ila wewe hukuitaja. Itaje tu, hatua ya 4.
- `skipping incompatible`: faili lipo lakini ni la aina nyingine ya prosesa, kwa mfano la biti 32 kwenye mashine ya biti 64, au la ARM. Tafuta toleo linalolingana na mashine yako.
- `multiple definition of`: jina lina wenyewe wawili. Hatua ya 8.
- `error while loading shared libraries`: umeshaunganisha vizuri, tatizo ni la kuendesha. Hatua ya 9.
- `undefined reference to 'main'`: umemsahau `main`, au faili lenye `main` halimo kwenye amri.

Mistari ikiwa mia moja, usiogope. Angalia ule wa kwanza, uurekebishe, ujaribu tena. Mara nyingi maktaba moja iliyosahaulika ndiyo iliyozaa yote.

## Hatua ya 3: Weka kifurushi cha waendelezaji

Kwenye Ubuntu na Debian, kila maktaba imegawanywa mara mbili. Kifurushi cha kawaida kina faili la kuendeshea programu, mfano `libcurl.so.4`. Kile kinachoishia na `-dev` kina mafaili ya vichwa pamoja na njia ya mkato iitwayo `libcurl.so`, bila namba. Linka inapoambiwa `-lcurl` inatafuta jina hilo lisilo na namba. Ndiyo maana mtu anaweza kuapa kwamba curl ipo kwenye mashine yake, anaiendesha kila siku, na bado linka ikasema `cannot find -lcurl`. Wote wawili wanasema kweli.

```
sudo apt install libcurl4-openssl-dev libsqlite3-dev
```

Kwenye Fedora mwisho wa jina ni `-devel`, mfano `libcurl-devel`.

Thibitisha:

```
dpkg -L libcurl4-openssl-dev | grep '\.so'
```

Ukiona njia inayoishia na `libcurl.so`, hatua hii imekamilika. Tahadhari: usitengeneze njia hiyo ya mkato kwa mkono kwa `ln -s`. Itafanya kazi leo, kisha siku vifurushi vikisasishwa vichwa na maktaba havitalingana, na utapata hitilafu za ajabu zaidi ya hizi.

## Hatua ya 4: Taja maktaba, na uzitaje mwisho

Chaguo `-l` hufuatwa na jina la maktaba likiwa limevuliwa `lib` ya mbele na `.so` au `.a` ya nyuma. `libcurl.so` ni `-lcurl`. `libsqlite3.so` ni `-lsqlite3`. `libm.so` ni `-lm`.

```
gcc bei.o -o bei -lcurl -lsqlite3 -lm
```

Sasa linganisha na hii, ambayo ina kila kitu kile kile:

```
gcc -lcurl -lsqlite3 -lm bei.o -o bei
```

Kwenye Ubuntu ya pili inakataa. Hapa ndipo watu wanapochanganyikiwa zaidi kuliko mahali pengine popote, kwa sababu wanaona maktaba wameitaja kwa macho yao.

Rudi kwenye daftari la madeni. Linka inapita nyumba kwa nyumba, kutoka kushoto kwenda kulia, mara moja tu. Katika amri ya pili inaanzia kwa libcurl, na wakati huo daftari halina deni lolote la curl. Inaona haina shida na nyumba hii, inaendelea na safari. Inafika `bei.o`, inaandika madeni matatu, na mbele hakuna nyumba iliyobaki. Hairudi nyuma.

Kwa maktaba tuli, zile za `.a` ambazo msimbo wake hunakiliwa ndani ya programu, hivyo ndivyo linka hii ya GNU inavyofanya kila mahali. Kwa zile za `.so`, Ubuntu tangu toleo la 11.10 huwasha `--as-needed` yenyewe, chaguo linaloifanya linka iiache maktaba ambayo bado haina deni, na matokeo yake ni hayo hayo. Debian haiwashi. Ndiyo maana amri ya rafiki yako mwenye Debian inakubali na yako inakataa, herufi kwa herufi. Hakuna uchawi hapo.

Kanuni: mafaili yako kwanza, kisha maktaba inayohitaji wengine, kisha wale wanaohitajiwa. Maktaba A ikiitegemea B, andika `-lA -lB`. Zikitegemeana, zifungie pamoja ili linka izizunguke mpaka madeni yaishe:

```
gcc kuu.o -o kuu -Wl,--start-group -lA -lB -Wl,--end-group
```

Kosa hili hujificha pia ndani ya Makefile. Kanuni za ndani za `make` huweka `LDFLAGS` kabla ya mafaili yako na `LDLIBS` baada yake. Basi andika hivi:

```
LDLIBS = -lcurl -lsqlite3 -lm
bei: bei.o
```

Ukiziweka kwenye `LDFLAGS`, umerudia ile amri ya pili bila kujua.

Kuhusu `-lm`: ukiisahau hapa huenda ukaona `DSO missing from command line` badala ya `undefined reference` ya kawaida, kwa kuwa SQLite yenyewe hutumia maktaba ya hisabati na linka inaichungulia kupitia huko. Dawa ni ile ile, itaje.

Utajua umefaulu pale `./bei 9` inapochapa toleo la libcurl, toleo la SQLite, na `3.000000`.

## Hatua ya 5: Acha pkg-config ikuandikie

Kukariri majina ya maktaba kunachosha na kunakosesha. Maktaba nyingi huja na faili dogo la `.pc` linaloeleza lenyewe jinsi ya kuunganishwa:

```
gcc bei.c -o bei $(pkg-config --cflags --libs libcurl sqlite3) -lm
```

Iendeshe kwanza peke yake, `pkg-config --libs libcurl`, uone inajibu nini. Ikisema haijapata kifurushi hicho, kwa kawaida `-dev` haipo, au jina ni tofauti kidogo. Amri `pkg-config --list-all | grep -i curl` itakuonyesha.

Unapounganisha kwa maktaba tuli ongeza `--static`. Faili la `.a` halibebi majina ya maktaba linazozitegemea, na libcurl tuli ina orodha ndefu ya wategemewa. Kuiandika kwa mkono ni mateso.

Maktaba uliyoijenga mwenyewe huenda isiwe kwenye folda za kawaida. Hapo mwonyeshe mahali: `-I/njia/include` ni ya kompaila kutafuta vichwa, `-L/njia/lib` ni ya linka kutafuta maktaba. `-L` inasema wapi pa kutafuta, haisemi nini cha kutafuta. Bado unahitaji `-l`.

Anayetumia CMake asibandike `-lcurl` kwenye vigezo vya kompaila. Njia safi ni hii:

```
find_package(CURL REQUIRED)
find_package(SQLite3 REQUIRED)
add_executable(bei bei.c)
target_link_libraries(bei PRIVATE CURL::libcurl SQLite::SQLite3 m)
```

## Hatua ya 6: Iulize maktaba yenyewe

Umetaja maktaba, mpangilio ni sahihi, na bado jina halipatikani. Acha kukisia, uliza. `nm` huonyesha majina yaliyomo ndani ya faili:

```
nm bei.o | grep ' U '
```

Herufi `U` ni deni: jina linahitajika, halimo. Kisha uliza upande wa pili:

```
nm -D --defined-only /usr/lib/x86_64-linux-gnu/libcurl.so | grep curl_version
```

Kwa `.a` ondoa `-D`. Ukiona jina lako lina herufi `T`, mwenye nalo ni huyu. Usipoliona kabisa, maktaba hii si mwenyewe: labda toleo ni la zamani na fanksheni hiyo ilikuwa haijaongezwa, au iko kwenye maktaba jirani. Nyaraka za maktaba husika ndizo zitakazokwambia.

Uzuri wa hatua hii ni kwamba inamaliza ubishi. Jina limo au halimo.

## Hatua ya 7: Unapochanganya C na C++

Hapa kuna mtego unaostahili subira. Tuseme una `hesabu.c` yenye fanksheni `int jumlisha(int a, int b)`, imekompailiwa kwa `gcc`, na `kuu.cpp` inaiita. Linka inasema:

```
undefined reference to `jumlisha(int, int)'
```

Umeangalia, `hesabu.o` iko kwenye amri. Fanksheni ipo. Sasa endesha `nm` pande zote mbili:

```
nm hesabu.o   →   T jumlisha
nm kuu.o      →   U _Z8jumlishaii
```

Yameonekana majina mawili. C++ huruhusu fanksheni nyingi zenye jina moja na vigezo tofauti, kwa hiyo kompaila yake huviingiza vigezo ndani ya jina lenyewe: 8 ni idadi ya herufi za "jumlisha", na `ii` ni int mbili. C haifanyi hivyo. Kwa linka, hao ni watu wawili wasiojuana.

Dalili yake unaweza kuijua kwa kutazama tu: ujumbe wa kosa ukionyesha mabano na vigezo, `jumlisha(int, int)`, linka inatafuta jina la C++. Ukionyesha `jumlisha` tupu, inatafuta la C.

Dawa ni kuandika faili la kichwa hivi:

```c
#ifdef __cplusplus
extern "C" {
#endif

int jumlisha(int a, int b);

#ifdef __cplusplus
}
#endif
```

Maktaba kubwa za C kama libcurl na SQLite tayari zimefanya hivyo kwenye vichwa vyao. Tatizo huja na msimbo wetu wenyewe au maktaba ndogo za watu binafsi.

Mambo mengine matatu ya C++, kwa haraka. Unganisha kwa `g++`, si `gcc`, la sivyo maktaba ya kawaida ya C++ haitaongezwa na utamwagiwa makosa yenye `std::`. Ukiona `undefined reference to 'vtable for ...'`, klasi hiyo ina fanksheni ya `virtual` uliyoitangaza bila kuiandika. Na ukiona `std::__cxx11` kwenye jina linalokosekana, maktaba yako yaelekea ilijengwa kwa kompaila ya zamani: GCC 5, ya mwaka 2015, ilibadilisha umbo la `std::string`. Jenga upya maktaba hiyo kwa kompaila yako ya sasa.

## Hatua ya 8: Jina moja, wenyewe wawili

`multiple definition of` karibu kila mara hutokana na kuandika kigeu ndani ya faili la kichwa, kama `int jumla;`. Kila faili linaloleta kichwa hicho linapata nakala yake. Kwenye kichwa andika `extern int jumla;`, na kwenye faili moja tu la `.c` andika `int jumla;`.

Mradi wa zamani wa C uliokuwa ukikubali ukaanza kukataa ghafla? GCC 10, ya mwaka 2020, iliacha kuvumilia tabia hii. Chaguo `-fcommon` litakuvusha kwa muda, lakini rekebisha msimbo wenyewe.

## Hatua ya 9: Imeunganika lakini haiwaki

```
./kuu: error while loading shared libraries: libhesabu.so: cannot open shared object file: No such file or directory
```

Tuseme `hesabu.c` umeigeuza kuwa maktaba `libhesabu.so` na kuiweka kwenye folda `lib`. Chaguo `-L` lilitumika wakati wa kuunganisha tu, na halikumbukwi baadaye. Programu inapowashwa, kipakiaji cha Linux huitafuta maktaba upya kwa njia zake. Angalia kilichokosekana:

```
ldd ./kuu
```

Mstari wenye `not found` ndio mgonjwa. Tahadhari: usiendeshe `ldd` kwenye programu usiyoiamini, kwa kuwa inaweza kuiendesha programu hiyo. Tumia `objdump -p programu | grep NEEDED` badala yake.

Kwa jaribio la haraka: `LD_LIBRARY_PATH=./lib ./kuu`. Usiiweke kigeu hiki kwenye `.bashrc`, kitabadilisha maktaba za programu nyingine zote unazoziwasha kutoka terminali hiyo.

Kama maktaba itasafiri pamoja na programu, mfano unampa mteja folda zima, andika njia ndani ya programu yenyewe:

```
gcc kuu.o -o kuu -Llib -lhesabu -Wl,-rpath,'$ORIGIN/lib'
```

Alama hizo za nukuu ni lazima, vinginevyo terminali itaifuta `$ORIGIN` kabla haijafika kwa linka. Ndani ya Makefile andika `$$ORIGIN`.

Na kama umeiweka maktaba kwenye `/usr/local/lib` kwa `sudo make install`, endesha `sudo ldconfig` mara moja ili orodha ya mfumo isasishwe. Hii husahaulika mno.

Ukirudia `ldd` na kila mstari ukawa na njia kamili upande wa kulia, washa programu.

## Ukiwa bado umekwama

Kabla ya kumwomba mtu msaada, mkusanyie vitu vinne: amri kamili uliyoiandika, mstari wa kwanza wa kosa pamoja na jina linalokosekana, jibu la `nm` kutoka pande zote mbili, na matoleo kutoka `gcc --version` na `lsb_release -a`. Picha ya skrini iliyokatwa nusu haimsaidii. Nakili maandishi yenyewe kutoka `makosa.txt`. Mwenye uzoefu akiviona hivyo vinne, mara nyingi atakujibu kwa mstari mmoja.